Wajumbe Waliokuja na Samaki

Prudence Nabintu alikuwa jikoni akisonga bugali wa muhogo mlango ulipobishwa, na kwa kuwa bugali hauachwi katikati, alimtuma bintiye Aurore akafungue. Aurore akaenda, akakawia kidogo huko mlangoni, kisha akarudi na kusema kwa Kiingereza kwamba nje kuna watu wawili waliovaa kama wanaenda harusini, na wamebeba samaki. Kiswahili msichana huyo alikisikia chote. Kukijibu ndiko kulikomshinda.

"Samaki gani?" mama yake akauliza.

Aurore akapanua mikono yote miwili.

Ilikuwa Jumamosi, saa ile ambayo majengo marefu ya St. James Town, Toronto, hunukia vitunguu kuanzia lifti hadi juu, na mtu anaweza kujua amefika ghorofa gani kwa pua tu. Sebuleni alikuwa ameketi Yvan, mdogo wa marehemu mume wa Prudence, shemasi wa kanisa lao. Alikuja kula hapo kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Kwaya yenyewe aliiongoza Prudence, na ni wachache waliokumbuka wakati ambapo haikuongozwa naye.

Prudence akaufunika bugali, akafuta mikono, akatoka. Aliwakuta wageni wameshavua viatu na kusimama wima kando ya kochi, na alipowaona akamtupia jicho Yvan. Mmoja alikuwa Kinoti, Mmeru wa Kenya aliyeendesha gari la mizigo kazini kwake, leo akiwa ndani ya suti iliyombana mabega. Wa pili alikuwa Emi, binti wa mwenye kiwanda, amevaa vazi la heshima la kwao Japani, la rangi ya majivu, lenye mkanda mpana kiunoni. Mikononi alishika sinia, na juu ya sinia samaki mkubwa mwekundu, mkia umekunjwa juu kama anaruka.

Hofu ya Prudence haikuwa ya wageni. Ilikuwa ya Yvan aliyekaa pale kwenye kiti, kwa sababu Yvan hakujua hawa ni watu wa kazi gani.

Kwa Yvan, kwa mchungaji na kwa kina mama wote wa kanisa, Prudence alikuwa na jibu moja: "Niko natumika kwa fabriki ya mchele," yaani kiwandani. Na mchele ulikuwepo kweli, magunia kwa magunia. Ulioshwa, ukapikwa kwa mvuke, ukatandazwa juu ya meza za mbao, ukanyunyiziwa chembe za ukungu mweupe uitwao koji hadi kila punje ikaota manyoya. Ila safari ya mchele ule haikuishia mezani. Iliishia kwenye mapipa makubwa, na kutoka kwenye mapipa ikaingia chupani, na kilichokuwa chupani kiliitwa sake, pombe ya Wajapani. Nalo kanisa lao lilikuwa na sheria ambayo hata watoto wa Shule ya Jumapili waliijua: pombe hainywewi, haiuzwi, haipikwi.

Kazi hiyo alionyeshwa na huyuhuyu Kinoti, aliyekaa ghorofa ya chini yake. Walikutana kwenye lifti Prudence akiwa ametoka kusafisha ofisi za watu, miguu imevimba. "Mama Aurore," Kinoti akamwambia, "kuna mzee Mjapani anatafuta mtu wa kuosha mchele. Maji baridi, lakini hakuna mtu wa kukupigia kelele." Kiwanda kilikuwa mtaa wa Geary, karibu na reli, katika jengo lililokuwa zamani gereji. Prudence alipofungua mlango siku ile ya kwanza, harufu ilimpokea kabla ya mtu yeyote. Ilikuwa tamu, yenye uchachu kwa mbali, harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, ingawa ndizi haikuwemo hata moja.

Akasimama kizingitini. Ilikuwa harufu ya uani kwa mama yake, Kabare, juu ya Bukavu. Mama yake alikuwa mpika kasiksi, pombe ya ndizi. Alizifukia ndizi shimoni hadi zikalainika, akazikamua kwa majani, akautia unga wa mtama kwenye maji yake, akafunika, akangoja. Kasiksi ndiyo iliyomsomesha Prudence, na kasiksi ndiyo iliyomzika baba yake. Alipookoka aliapa hataigusa tena. Pale kizingitini alijua kwamba mtu mwenye akili angegeuka arudi nyumbani. Lakini mikono yake, iliyokuwa imechoka kusugua meza za watu, ilikuwa imeshaitambua kazi yake. Akaingia.

Kiapo hakukivunja chote. Hakuwahi kuonja sake, hata tone. Kuonja lilikuwa jukumu la mwenye kiwanda, Mzee Tamaru, mtu wa miaka inayokaribia themanini, mwenye mwili mpana kama kabati na goti moja lililokataa kukunjika. Prudence alifanya yale mengine yote. Aliweka kiganja juu ya mchele wa mvuke akajua kama umekauka nje na kubaki laini ndani. Aliinamia pipa akasikiliza povu lilivyokuwa likinong'ona, na lilipobadilisha sauti alimwita mzee.

Na alikoroga. Mti wa kukorogea ulikuwa mrefu kuliko yeye, na uji wa mchele ndani ya pipa ulikuwa mzito, haukutaka pupa wala uvivu. Ili mikono isikimbie, Prudence akawa anaimba nyimbo za kanisa, chini kwa chini, akisukuma na kuvuta kwa mapigo ya wimbo. Asubuhi moja aligeuka akamkuta Mzee Tamaru amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Samahani, Mzee. Nitanyamaza."

"Usinyamaze, Prudence-san," mzee akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Kwetu zamani, kabla ya saa za ukutani, watu walipima kazi hii kwa nyimbo. Beti za kuosha, beti za kukoroga. Tangu niondoke sijasikia mtu akiliimbia pipa."

Basi majira ya baridi yale yote, sake ya Mzee Tamaru ilikorogwa kwa mapambio ya Waswahili wa Kongo.

Ukutani juu ya mapipa ilitundikwa picha ya kijana mnene mwenye nywele zilizofungwa utosini, kifua wazi, macho makali. Ndiye Tamaru mwenyewe, enzi alipokuwa mwanamieleka wa sumo. Wakati wa chai alimweleza Prudence habari za mchezo huo: watu wawili wakubwa, ulingo wa udongo wa mviringo, na atakayegusa chini kwa kitu kingine zaidi ya wayo, au atakayesukumwa nje ya duara, ameshindwa. Lakini kilichomnasa Prudence ni habari ya majina.

Mwanamieleka wa sumo, mzee alisema, hapandi ulingoni na jina aliloitwa na mama yake. Anapewa jina la ulingoni. Mara nyingi mkuu wa nyumba anayemlea humkatia kipande cha jina lake mwenyewe, na kipande cha pili hutoka kwenye mlima, mto au bahari. Wengine huchukua ya kwao walikozaliwa. Mkuu wake alimpa "Kiyo", yaani safi, na kwa kuwa kijana alitoka pwani, wakaongeza "nami", mawimbi. Akawa Kiyonami. Goti likavunjika kabla hajafika mbali, akafunga mizigo, akaja Toronto, na alipopika sake yake ya kwanza aliibandika jina hilo. Mpaka leo ndilo lililoandikwa kwenye chupa.

"Wateja wanadhani ni jina la mto," alisema. "Kumbe ni jina langu lililoshindwa."

"Limeshindwa wapi, Mzee?" Prudence akamjibu. "Si liko dukani?"

Mzee alicheka hadi chai ikamwagika.

Sasa wajumbe wake walikuwa sebuleni kwa Prudence, na Yvan alikuwa ameshasimama kuwapa mikono.

"Karibuni, karibuni. Mimi ni Yvan, shemeji yake. Mwanamume wa hapa ni mimi. Kaeni kwenye viti."

Lakini Emi aliliweka sinia mbele yake, akapiga magoti juu ya zulia, akaweka mikono sakafuni. Kinoti naye akashuka polepole, suti ikilalamika.

"Wageni hawaongei wakiwa chini," Yvan akasema.

"Hawa wanaongea wakiwa chini, baba. Ndiyo heshima yenyewe." Kinoti alijifuta jasho. "Tumetumwa. Ni maneno rasmi ya Kijapani. Nimeelezwa maana yake, na mimi ndio nimepewa kuyatafsiri."

Emi akasema maneno machache ya Kijapani, taratibu, akainama hadi paji la uso likakaribia zulia. Kinoti akakohoa. "Anasema hivi: Mzee Tamaru ametutuma katika nyumba hii kwa unyenyekevu. Anamheshimu sana Mama Aurore. Amemwangalia kwa muda mrefu. Ameona bidii yake na tabia yake. Sasa anamwomba akubali kuchukua jina lake."

Yvan akafunga kifungo cha koti.

"Aurore," akasema kwa sauti iliyoshuka ghafla, "zima televisheni."

Ni nani angeelewa vinginevyo? Watu wawili wamekuja mchana kweupe, wamevaa, wamebeba kitu mkononi, wanazungumza kwa niaba ya mzee ambaye mwenyewe hakuja, na wanataka mwanamke mjane achukue jina lake. Kwa watu wa Bushi, kwao Prudence na Yvan, jambo hilo lina namna moja tu. Hata Prudence mwenyewe, kwa kitambo kifupi, aliamini. Alikumbuka glovu za sufu ambazo mzee alimpa wakati wa baridi kali, akaona mashavu yakimwaka.

"Huyo mzee ana mke?" Yvan akauliza.

"Alifariki zamani."

"Ni mtu wa kanisa?"

Kinoti akamtupia jicho Emi, ambaye hakuelewa neno. "Ni mtu mzuri."

"Sikuuliza hivyo. Na huyu dada ni nani yake?"

"Ni binti yake wa kumzaa."

"Binti!" Yvan akashika kichwa. "Binti amekuja kumposea baba yake! Na roho yake imekubali?"

"Baba, hebu ngoja kidogo..."

"Siwakatazi. Mjane ana haki yake, Biblia imesema. Lakini nikwambie wazi, kijana, kwetu hatuanzi na samaki. Kwetu ni ng'ombe."

"Hata kwetu Meru si samaki," Kinoti akasema kwa huzuni. "Lakini si umeona ukubwa wake?"

Kutoka mlangoni pa jikoni ikasikika sauti ya Aurore aliyekuwa amejiziba mdomo kwa taulo. Alipoweza kupumua alimuuliza Emi kwa Kiingereza, moja kwa moja, kama wamekuja kuomba harusi. Emi akanyanyua uso, akasikia neno harusi, akawa mwekundu kuliko samaki wake. Akaanza kueleza upya kwa Kiingereza, haraka, na Kinoti akalazimika kutafsiri kila kitu, bila kuruka.

Hakuna posa. Katika sumo, mwanamieleka akipandishwa kuwa ozeki, cheo cha pili kutoka juu, au yokozuna, cheo cha juu kabisa, wakuu hawampigii simu. Huwatuma wajumbe hadi nyumbani kwake, nao humpa habari wakiwa wamepiga magoti, naye hujibu kwa maneno machache akiwa ameinama. Baadaye hupigwa picha akiwa ameinua samaki mwekundu wa furaha. Mzee Tamaru hakufika kwenye vyeo hivyo, wala mjumbe hakuwahi kuja kwake. Lakini katika kiwanda chake aliweka utaratibu: sake mpya hukaa bila jina, kama kijana mgeni wa ulingo, hadi ionyeshe nguvu zake. Ikistahili, aliyeitengeneza anapewa kipande cha jina la mzee, naye analeta kipande cha pili kutoka kwao.

"Sake aliyoitengeneza Mama Aurore msimu huu imestahili," Kinoti akasema, na sasa hakuwa na mzaha. "Mzee anampa 'Kiyo'. Anamwomba alete nusu yake. Na kwa kuwa goti la mzee limekataa ngazi, anamwomba awe mkuu wa mapipa."

Kisha Yvan akauliza lile swali ambalo Prudence alikuwa amelikimbia kwa miaka.

"Sake ni nini?"

Kinoti aliangalia zulia. Prudence angeweza kusema ni mchele. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa limezoea ulimi wake.

"Ni pombe, shemeji," akasema. "Pombe ya mchele. Na anayeipika ni mimi."

Yvan alikaa. Halafu akasimama tena. "Mama Aurore. Kwaya ya Bwana inaongozwa na mpika pombe?"

"Ndiyo."

"Ule wimbo mpya uliotufundisha leo asubuhi, wenye sauti nne..."

"Niliutunga nikikoroga."

"Yesu wangu," Yvan akasema, na hakuwa anaapa, alikuwa anaomba.

Emi na Kinoti walikuwa bado magotini, wakingoja. Prudence alijua wanangoja nini. Alikuwa anaitaka kazi ile. Aliitaka kwa namna iliyomtia woga, kama mtu anavyokitaka chakula cha nyumbani akiwa hospitalini. Aliitaka pia kwaya, zile sauti zilizomshika mkono alipofika mji huu hana mtu, na alijua hawezi kuvibeba vyote viwili mbele ya watu. Alipiga magoti mbele yao.

"Mwambieni Mzee nimesikia, na nimeshukuru. Lakini nisingojee kanisa lisikie kwa mtu mwingine. Nitajibu kwanza huko, ndipo nimjibu yeye."

Emi aliinama. Akiwa mlangoni akivaa viatu alimshika Prudence mkono. "Nilimuuliza baba," akasema kwa Kiingereza. "Nikamwambia, ulingo wa sumo mwanamke haukanyagi hadi leo. Hata viwanda vya sake zamani mwanamke hakuingia. Sasa unampa mwanamke jina la ulingoni? Akaniambia: ulingo si wangu, mapipa ni yangu."

Walipoondoka, Yvan hakugusa chakula. Baada ya muda aliangalia sinia. "Huyu samaki," akasema, "hana kosa lolote." Wakamkaanga.

Kesho yake, katika ukumbi wa kukodi kule Lawrence Heights walikosalia, muda wa ushuhuda ulipofika Prudence alinyanyuka kutoka safu ya kwaya. Alisema kwa ufupi. Kwamba fabriki ya mchele ni kiwanda cha pombe. Kwamba hajawahi kuinywa. Kwamba amewaficha, na kuwaficha ndiko anakoomba kusamehewa.

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye majani ya migomba. Mchungaji, mtu mpole aliyembatiza Aurore, akamuuliza, "Mama, kuficha tumekusamehe. Lakini uko tayari kuiacha kazi hiyo?"

Hapo ndipo wote walipomgeukia, na wengi walikuwa wameshaanza kutabasamu, kwa sababu waliijua njia ya shuhuda: mtu huanguka, hulia, huacha, hupigiwa vigelegele. Prudence aliangalia mikono yake.

"Hapana, Papa Pasteri. Siko tayari."

Tabasamu zikakwama.

"Mama yangu alikuwa mpika kasiksi," akasema. "Alinisomesha nayo. Nilivaa viatu alivyoninunulia, na njiani kwenda shule nilipita kando ili nisionekane naye. Amekufa nikiwa mbali. Pale kiwandani kila nikiinamia pipa niko karibu naye, na kila nikitoka ninamkana. Mnisamehe. Nimechoka kumwonea haya mama yangu."

Mchungaji hakumfukuza. Lakini sheria haikuwa yake kuivunja, na alisema kwa upole kwamba kiongozi wa kwaya ni mtu wa madhabahuni. Prudence aliitikia kwa kichwa. Akalivua joho la kwaya, akalikunja vizuri, kona kwa kona, akamkabidhi dada aliyekuwa karibu naye, akaenda kukaa viti vya nyuma na kina mama wenye watoto wachanga.

Kwaya ikaimba bila yeye. Walianza juu mno, na ilikuwa wazi kwamba kwenye kiitikio wataumia koo. Kutoka nyuma kabisa, akiwa amekaa, Prudence akaitoa sauti ya chini, ile inayotakiwa, na mmoja mmoja wakaishukia. Hakuna aliyegeuka kumwangalia.

Nje, kwenye maegesho ya magari, Yvan alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo kwa hasira kama kioo ndicho kilichotenda dhambi.

"Sikubaliani na wewe," akasema bila kugeuka.

"Najua, shemeji."

"Pombe ilimmaliza baba yako, wewe mwenyewe ulinisimulia."

"Ni kweli."

"Basi." Akakwangua tena. "Kesho saa ngapi yule mzee anakuwa kazini?"

"Kwa nini?"

"Wajumbe walikuja nikiwa nyumbani, na mimi ndiye niliyewapokea. Jibu haliendi lenyewe, na mwanamke hajipeleki kama hana ukoo. Nitalipeleka mimi." Akanyoosha kidole cha glovu. "Ila ndani siingii. Nitasema nikiwa mlangoni."

Jumatatu asubuhi aliwapitia Prudence na Aurore akiwa na suti ya Jumapili, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mguu wa mbuzi alioununua kwa muuza nyama, umefungwa karatasi nyeupe, kwa sababu mtu aliyeletewa samaki haendi kujibu mikono mitupu. Kule mtaa wa Geary mlango wa kiwanda ulikuwa wazi, mvuke ukitoka nje na kupotea kwenye baridi. Mzee Tamaru alikuwa ndani, buti za mpira miguuni, akimsaidia Kinoti kupanga meza za mbao.

"Mzee," Kinoti akamwita. "Kuna wajumbe."

"Wa nani?"

"Wako. Wamekuja kwako."

Mzee aliangalia mlangoni. Alimwona Yvan na suti yake na mguu wa mbuzi, akamwona Prudence aliyeinamisha macho, na ikaonekana kwamba hakujua afanye nini na mikono yake. Akasema wamngoje. Akaenda nyuma, maji yakasikika yakimwagika, na aliporudi alikuwa amechana nywele na kuvaa koti jeusi. Kisha, mbele ya mapipa yake, akaanza kushuka magotini, akishikilia ukingo wa meza, goti lile bovu likitoa mlio.

"Mwambieni akae kwenye kiti!" Yvan akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Hataki," Kinoti akasema. "Anasema haijawahi kumtokea."

Yvan alimtazama yule mzee mkubwa akitetemeka nusu ya njia. Akavuta pumzi. Akaingia, akapita kwenye harufu ile kama mtu anayepita mtoni na nguo, akamshika mzee mkono akamteremsha salama, naye mwenyewe akapiga magoti mbele yake juu ya sakafu yenye maji.

Kinoti alikuwa amerudi kwenye jiko la mvuke, kwa hiyo hapakuwa na mkalimani.

"Nitatafsiri mimi," Aurore akasema. Kwa Kiswahili.

Prudence hakuthubutu kumwangalia, asije akamtisha.

Yvan akaongea kwa Kiswahili cha nyumbani cha siku za harusi na matanga, kipana na cha taratibu. Akasema ukoo umepokea salamu za mzee na samaki wake. Akasema yeye mwenyewe, kama shemasi, hawezi kuibariki kazi hii, na hatadanganya kwamba ameibariki. Lakini mwanamke huyu amesimama mbele za watu akasema ukweli uliomgharimu, na mtu wa namna hiyo haendi peke yake kutoa jibu. "Tumemsindikiza," akamaliza. "Sasa msikilize mwenyewe." Aurore alilibeba kila neno hadi kwenye Kiingereza bila kuangusha hata moja.

Prudence akapiga magoti kando ya shemeji yake, akainama.

"Napokea," akasema. "Sitaliaibisha jina lako, wala la kwetu. Nusu yangu ni Kahuzi."

"Ni mto?" mzee akauliza.

"Ni mlima. Mvua ikikatika asubuhi, unaonekana kutoka mlango wa jikoni wa mama yangu."

"Kiyokahuzi," mzee akajaribu, akalirudia hadi likakaa vizuri mdomoni. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayepima. "Jina refu. Zito. Litakuwa gumu kusukumwa nje ya duara."

"Mlima wetu kwenye chupa ya pombe," Yvan akanung'unika.

Aurore akalitafsiri na hilo pia, na mzee akamwinamia Yvan kwa heshima kubwa kana kwamba amesifiwa.

Jiko la mvuke likaanza kupuliza. Mchele ulikuwa umeiva, na mchele ukiiva haujali nani yuko magotini. Prudence alikuwa ameshainuka, koti limetupwa juu ya gunia, aproni inafungwa. Mchele ule ulitolewa ukiwa ndani ya kitambaa kikubwa kilichoshikwa pembe zote, kazi ya watu watatu, na mzee alikuwa bado sakafuni akitafuta namna ya kunyanyuka. Kinoti alishika pembe zake. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Prudence alimgeukia shemasi.

"Shemeji, vua koti ushike huko. Kaza. Usiinue kabla sijasema."

Yvan akalivua koti la Jumapili, akalitafutia msumari ukutani, akakunja mikono ya shati.

"Niseme 'inueni' lini?" akauliza.

"Husemi wewe," Prudence akamwambia. "Nasema mimi."